Bia ya Shayiri "Iliyoondolewa Gluteni": Kisa cha Portland

Mwaka 2012 kampuni ya Craft Brew Alliance ya mjini Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, iliingiza sokoni bia mpya kwa jina la Omission. Ilipikwa kwa kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), hamira na maji kama bia nyingine yoyote ya kawaida, isipokuwa kwamba wakati wa kuchachushwa ilitiwa kimeng'enya kinachokata protini za shayiri vipande vidogo vidogo. Ndani ya Oregon kampuni iliweza kuinadi kuwa bia isiyo na gluteni, yaani protini za ngano, rai na shayiri zinazowadhuru wenye ugonjwa wa utumbo uitwao seliaki. Chupa hiyohiyo ilipovuka mpaka wa jimbo, maneno hayo yalikatazwa. Kilichoruhusiwa ni kueleza kwamba kinywaji kimechachushwa kutokana na nafaka yenye gluteni na kimetengenezwa kwa njia ya kuiondoa, kisha kuongeza palepale kwamba kiasi cha gluteni kilichomo hakiwezi kuthibitishwa na kwamba huenda gluteni bado imo.

Bia haikubadilika njiani. Aliyeinunua Portland na aliyeinunua Seattle, katika jimbo jirani la Washington, walikunywa kitu kimoja, kutoka pipa moja, huku mmoja akiambiwa ainywe bila wasiwasi na mwingine akiambiwa kwamba hakuna awezaye kumhakikishia lolote. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa seliaki hili ni jambo la kuchekesha kidogo kuhusu sheria za Marekani. Kwa mwenye ugonjwa huo ni swali la utumbo wake, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuchambuliwa taratibu, kwa kuwa chanzo chake si ulaghai wa mfanyabiashara wala ukaidi wa mtumishi wa serikali. Chanzo chake ni kipimo ambacho kilibuniwa kupima kitu kimoja, kikatakiwa kupima kingine.

Inafaa kusema mapema kwamba walioitengeneza bia hiyo hawakuwa watu wa mbali na tatizo. Mtendaji mkuu wa kampuni alikuwa na seliaki, na mke wa mpishi mkuu wa bia pia alikuwa nayo. Kila pishi lilipelekwa kwenye maabara huru kabla ya kuuzwa, na mnunuzi aliweza kuchukua tarehe iliyopigwa chapa kwenye chupa na kuangalia matokeo ya pishi lake mtandaoni. Ni viwanda vichache vya chakula vinavyojifungua kiasi hicho. Hata hivyo uwazi huo wote ulisimama juu ya jibu la maabara, na jibu la maabara ndilo lililotiliwa shaka.

Seliaki huchanganywa mara nyingi na mzio, lakini si mzio. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, humgeukia mwenyewe na kuushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijinyuzi vidogo mfano wa manyoya ya zulia, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa anayeendelea kula gluteni, vijinyuzi hivyo huliwa hadi ukuta ukabaki tambarare, na mtu akawa anakula vizuri lakini mwili haupokei. Wengine huharisha na kukonda. Wengine hupata upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, au mifupa inayodhoofika kabla ya wakati. Na wapo wasiosikia chochote kwa miaka mingi huku utumbo ukiharibika. Inakadiriwa kuwa takriban mtu mmoja kati ya mia duniani anao ugonjwa huu. Katika miaka ya 1940 daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alionyesha kwamba ngano ndiyo inayowadhuru wagonjwa hao, na mpaka leo tiba inayotegemewa ni ileile aliyoifikia yeye: kuacha, maisha yote, nafaka zenye gluteni, yaani ngano, rai na shayiri.

Hao wasiosikia chochote ni muhimu sana katika kisa hiki. Bia ya aina hii hutetewa kwa kauli ya kawaida kabisa, kwamba fulani ana seliaki, amekunywa mwaka mzima, na hajaumwa. Kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa kila neno na bado isithibitishe kitu, kwa sababu tumbo lililonyamaza si ushahidi kwamba utumbo ni mzima. Ushahidi hupatikana kwa kupima kingamwili katika damu na kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa kutumia kamera ya tumboni, na hakuna anayefanya hivyo baada ya kila chupa.

Sasa tuingie kwenye bia yenyewe. Punje ya shayiri huhifadhi akiba ya chakula cha mche katika protini ziitwazo hordeini, nazo ndizo gluteni ya shayiri. Punje inapolowekwa na kuoteshwa ili iwe kimea, vimeng'enya vya shayiri yenyewe huanza kuzivunja hordeini ili kuulisha mche. Kimea kinapopondwa na kutiwa maji ya moto, hordeini nyingi hubaki ndani ya machicha, ambayo huishia kwa ng'ombe. Togwa lililochujwa linapochemshwa pamoja na hopsi, sehemu nyingine ya protini huganda na kuonekana ikielea kama ute wa yai uliomwagwa kwenye supu, na sehemu nyingine hutuama bia inapopozwa. Kwa hiyo kati ya ghala la shayiri na glasi ya mnywaji protini zimepungua sana. Zilizobaki nzima ndani ya bia angavu kwa sehemu kubwa si hordeini bali ni protini za jamii nyingine, zile zinazofanya povu lisimame juu ya glasi lisiporomoke mara moja, na hizo hazichochei seliaki.

Hordeini zinazofika kwenye glasi hufika zimekatika, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na minyororo ya gluteni imejaa mbili kati ya hizo, glutamini na prolini. Prolini imejikunja kwa namna inayoufanya mnyororo uwe kama kamba yenye mafundo. Vimeng'enya vya tumbo na utumbo wa binadamu hukata kamba laini kwa urahisi, lakini vikifika kwenye fundo huteleza. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba kipande kimoja cha gluteni ya ngano chenye asidi amino 33 hupita katika vimeng'enya vya mmeng'enyo bila kukatwa, kikafika kwenye ukuta wa utumbo kikiwa kizima. Seli za kinga za mgonjwa hazihitaji hata urefu huo ili kutambua adui: asidi amino tisa tu zilizopangwa kwa mfuatano unaofaa zinatosha. Ndiyo kusema kwamba protini kukatika si jambo la kufurahia moja kwa moja. Lazima mtu aulize imekatwa wapi, na kilichobaki kina urefu gani.

Kimeng'enya kilichotumiwa Portland hukata hasa mafundo hayo. Hutokana na ukungu uitwao Aspergillus niger, hukata mnyororo wa protini pale penye prolini, na kiliuzwa na kampuni ya DSM ya Uholanzi kwa jina la Brewers Clarex. Inapendeza kujua kwamba hakikuletwa kwenye bia kwa ajili ya wagonjwa. Ukimimina bia iliyopozwa mno katika glasi safi na kuiinua kwenye mwanga, wakati mwingine utaona ina utusitusi kama maji yaliyotiwa tone la maziwa, nayo ikipata joto kidogo utusitusi huo hutoweka. Unasababishwa na protini zenye prolini nyingi kushikamana na chembechembe chungu zitokazo kwenye maganda ya shayiri na hopsi. Wapishi wa bia walitaka glasi angavu, wakatafuta kitu cha kukata protini hizo, na kwa kuwa protini zinazotia bia ukungu ni ndugu wa karibu wa zile zinazomdhuru mwenye seliaki, ikagundulika kwamba bia iliyotiwa dawa ya kuing'arisha hutoa matokeo madogo mno katika kipimo cha gluteni.

Kipimo hicho kinaitwa ELISA, na kinafanya kazi kwa kingamwili zilizotengenezwa maabara ili kunasa kipande maalumu cha gluteni. Inayotumika zaidi duniani inaitwa R5, nayo inanasa mfuatano wa asidi amino tano: glutamini, glutamini, prolini, fenilalanini, prolini. Toleo lake la kwanza hutumia kingamwili mbili, moja ikishika upande mmoja wa protini na nyingine upande wa pili, mfano wa watu wawili wanaoshika kamba kila mmoja mwisho wake. Kwa unga na mkate kipimo hicho ni kizuri, kwa maana gluteni ya unga ni kamba ndefu. Kwa bia hakifai, kwa kuwa kamba imeshakatwa vipande. Wa kwanza akishika kipande, wa pili hapati pa kushika, na mashine inaandika kwamba hakuna kamba. Ndipo likabuniwa toleo la pili linalohitaji mshikaji mmoja tu, na hilo ndilo lililotumiwa kupima bia ya Omission. Kiasi kidogo kabisa ambacho kipimo hicho kinaweza kutaja kwa uhakika ni miligramu 10 za gluteni kwa kilo, na mpaka unaotambuliwa na kanuni za kimataifa za Codex kwa chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Kwa hiyo jibu la "chini ya 10" lilionekana kuwa ushindi wa wazi.

Lakini tazama mfuatano ule wa asidi tano tena. Umo ndani yake prolini mara mbili, na kimeng'enya kinakata penye prolini. Maana yake ni kwamba kimeng'enya kinaharibu hasa mahali ambapo kipimo kinashika. Kama polisi wanatambua magari ya wizi kwa namba za usajili tu, na mwizi kazi yake ni kung'oa namba, ripoti ya polisi kwamba hawakuona gari lolote la wizi barabarani inatueleza kuhusu namba na haituelezi kuhusu magari. Upo uwezekano mkubwa kwamba kimeng'enya kikikata pale kimekata pia mahali ambapo seli za kinga za mgonjwa hushika, kwa kuwa huko nako kumejaa prolini. Uwezekano huo, hata uwe mkubwa vipi, haukupimwa na R5.

Kuna ugumu wa pili ambao husemwa mara chache kwa sababu ni wa kihasibu zaidi. Namba 20 ya Codex inahesabu gluteni nzima. Ili kipimo cha mshikaji mmoja kitoe namba, lazima kilinganishwe na mchanganyiko wa rejea wa gluteni iliyokatwa, na mchanganyiko huo umekatwa kwa namna yake, wakati kila bia imekatwa kwa namna yake kulingana na kimea, joto, muda na kiasi cha kimeng'enya. Ni kama kupima unga kwa kibaba ambacho ukubwa wake hubadilika kila unapochota. Namba inatoka, na inaonekana ni namba sahihi kama nyingine, lakini haiwezi kugeuzwa kwa uaminifu kuwa miligramu za gluteni nzima.

Hoja hiyo ndiyo iliyoshikwa na serikali ya Marekani. Bia yenye kimea cha shayiri na hopsi husimamiwa kule na TTB, ofisi ya Wizara ya Fedha inayoshughulikia kodi na biashara ya pombe na tumbaku. Bia isiyo na shayiri, kwa mfano Redbridge iliyoanza kuuzwa na Anheuser-Busch mwaka 2006 na ambayo hupikwa kwa mtama, lebo yake huwa chini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Mwezi Mei 2012 TTB ilitoa uamuzi wa muda kwamba bia ya shayiri iliyotiwa kimeng'enya isiitwe isiyo na gluteni, bali iandikwe yale maelezo niliyoyataja mwanzoni. Kwa kuwa mkono wa TTB katika lebo za bia hufika kwenye biashara inayovuka mipaka ya majimbo, bia iliyobaki Oregon ilipata mwanya, na hivyo chupa moja ikawa na majina mawili. FDA ilitoa kanuni yake ya jumla mwaka 2013, lakini ikaacha kiporo suala la vyakula vilivyochachushwa. Ilipolimaliza, Agosti 2020, ilisema waziwazi kwamba hakuna kipimo kilichothibitishwa kisayansi cha kutaja kiasi cha gluteni katika chakula kilichochachushwa au kuvunjwavunjwa, na kwa hiyo anayetaka kukiita kisicho na gluteni lazima aonyeshe kumbukumbu kwamba malighafi haikuwa na gluteni kabla ya kuchachushwa. Miezi miwili baadaye TTB ikafuata njia hiyohiyo.

Swali likageuzwa, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika kisa hiki. Badala ya kuuliza ni kiasi gani kimebaki mwishoni, mahali ambapo vyombo havioni vizuri, kanuni inauliza ni nini kiliingia mwanzoni, mahali ambapo vinaona. Kwa bia ya shayiri jibu linajulikana kabla ya kupima. Ni lazima nikiri kwamba kanuni ya namna hii inaweza kumnyima haki mtengenezaji ambaye bia yake kwa kweli haina madhara, na watetezi wa Omission walilalamikia hilo kwa haki. Ila kati ya kumwonea mtengenezaji na kumwonea mgonjwa, kosa la kwanza hurekebishika siku sayansi ikipata chombo bora.

Wanasayansi hawakukaa kimya katika miaka hiyo minane. Wa upande wa kimeng'enya, yaani watafiti waliofungamana na kampuni inayokiuza, walichapisha mwaka 2016 uchambuzi uliosema kwamba vipande vyote vya gluteni vinavyojulikana kuichokoza kinga vilikuwa vimekatwa katika bia ya shayiri iliyotiwa kimeng'enya hicho. Mwaka uliofuata watafiti wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, walitumia spektrometria ya masi, ambayo haingoji kingamwili ishike mahali fulani bali hupima uzito wa kipande kimoja kimoja, wakakuta vipande vya gluteni katika bia zilizotengenezwa kwa njia ya kuiondoa. Matokeo haya mawili yanaweza kusimama pamoja. Kipande kuwapo si lazima kiwe kile kinachochokoza. Na neno "vinavyojulikana" katika utafiti wa kwanza limebeba mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake.

Mwaka huohuo wa 2017 ukachapishwa utafiti wa aina nyingine, uliowashirikisha madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walichukua damu ya watu 31 wenye seliaki hai na 29 wasio nayo, wakaangalia kama kingamwili zilizomo zitashika protini za bia ya kawaida, bia iliyoondolewa gluteni, na bia isiyo na gluteni tangu mwanzo. Damu ya wagonjwa wawili ilishika katika bia iliyoondolewa gluteni. Katika bia isiyo na gluteni tangu mwanzo haikushika. Wapo waliolitangaza jambo hili kama hukumu ya mwisho, na wapo waliosema wawili kati ya 31 si kitu. Wote walivuka kipimo cha ushahidi. Kingamwili kushika ndani ya kichupa cha maabara si sawa na utumbo kuharibika, na kundi la watu 31 ni dogo. Lakini R5 ilikuwa imetoa picha kwamba hakuna kitu cha kushikwa, na damu ya watu wawili ikakipata.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hofu isiyo na kiasi nayo ina hasara zake. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni yapata gramu mbili, yaani miligramu 2,000. Katika jaribio lililofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2007, wagonjwa waliokuwa wameshapona kwa mlo walipewa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa siku 90, na kiasi hicho kilitosha kuudhuru utumbo. Kutokana na kazi kama hiyo, wataalamu wengi huchukulia miligramu 10 kwa siku kuwa kiasi ambacho wagonjwa walio wengi hukivumilia. Bia iliyo na miligramu 20 kwa kilo kamili, yaani iliyo kwenye mstari wenyewe wa Codex, ikiwa katika chupa ya nusu lita kama zetu, inampa mnywaji takriban miligramu 10. Chupa moja imemaliza posho ya siku nzima. Nani hunywa moja? Mtu akikaa na wenzake akanywa tatu, na jioni hiyohiyo akala nyama choma iliyogeuzwa kwa koleo lililoshika chapati, hesabu imeshafika mbali, na hapo tumechukulia kwamba namba ya kwenye cheti ni ya kweli. Kanuni ya miligramu kwa kilo ilitungwa kwa vyakula kwa jumla. Kinywaji kinachohesabiwa kwa lita kinaifikia haraka kuliko biskuti.

Nchi nyingine zimeamua tofauti, na Mswahili anayeishi nje anapaswa kujua anasoma lebo ya nchi ipi. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 828 ya mwaka 2014 inaruhusu bia ya shayiri iitwe isiyo na gluteni iwapo kipimo kinasema haizidi miligramu 20 kwa kilo. Bia ya Daura ya kampuni ya Damm ya Barcelona, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, huuzwa kwa msingi huo. Australia na New Zealand haziruhusu kabisa: chakula kisicho na gluteni kule hakitakiwi kuonyesha gluteni yoyote inayoweza kupimika, wala kuwa na kimea cha nafaka yenye gluteni. Ndugu wawili wenye seliaki, mmoja Barcelona na mwingine Melbourne, wanaweza kushika bia ya shayiri ya aina moja na kupewa majibu mawili, kama ilivyokuwa kwa Portland na Seattle, ila safari hii mpaka ni wa bahari. Ulaya ina faida moja, kwamba neno shayiri lazima lionekane kwenye chupa kama kichochezi cha mzio hata pale bia inaporuhusiwa kuitwa isiyo na gluteni. Anayetaka kuikwepa na alitafute neno hilo kwa lugha ya nchi aliyomo, wala asitazame alama ya suke lililokatwa mstari peke yake.

Wale wa CSIRO walijaribu pia njia inayokwepa mgogoro mzima: walizalisha, kwa kuchanganya mbegu za aina mbalimbali, shayiri iitwayo Kebari, ambayo hordeini zake zimepunguzwa katika punje yenyewe, na mwaka 2016 kampuni ya Radeberger ya Ujerumani ilitoa bia ya Pionier iliyopikwa kwa shayiri hiyo. Uzuri wake ni kwamba punje inaweza kupimwa ingali nzima, kabla ya chochote kukatwa.

Kwa mgonjwa anayeniuliza leo, jibu langu kuhusu bia ya shayiri iliyotiwa kimeng'enya ni kwamba aiache, isipokuwa kama daktari wake anamfuatilia kwa vipimo na wote wawili wamekubaliana kujaribu. Siamini kwamba bia hiyo ni sumu. Nadhani katika mapishi mengi kimeng'enya kinafanya kazi yake. Lakini anayebeba hatari ya pishi moja lililokwenda kombo ni yeye, na bia isiyo na shayiri wala ngano ipo.

Na kwetu ipo tangu kabla ya viwanda, ingawa hapa panahitaji tahadhari zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtama, ulezi, uwele na mahindi havina gluteni inayodhuru wenye seliaki. Bia nyingi za viwandani za Kenya na Tanzania hata hivyo msingi wake ni kimea cha shayiri, ile inayolimwa Narok, Timau, Karatu na West Kilimanjaro, na kiwanda kikiongeza mahindi au mtama shayiri haiondoki kwa sababu hiyo. Bia za mtama za viwandani zilipata nguvu Uganda kwa Eagle Lager mwaka 2002, kisha nchi jirani, kwa kuwa serikali zilipunguza ushuru kwa bia inayotumia mazao ya wakulima wa ndani. Hesabu iliyozileta ilikuwa ya ushuru, haikuwa ya seliaki, na mtengenezaji anaweza kubadili mchanganyiko mavuno au kodi vikibadilika. Neno "mtama" kwenye chupa halitoshi. Kinachotafutwa ni orodha nzima ya viambato isiyo na shayiri wala ngano. Vinywaji vya kimea visivyo na kileo, vile vya rangi ya kahawia wanavyopewa watoto na wajawazito kwa imani kwamba vinaongeza damu, navyo ni shayiri. Pombe kali iliyokenekwa ni jambo jingine, kwa kuwa protini haipandi na mvuke.

Mbege ya Kilimanjaro hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na uchungu wake hutoka kwenye gome la msesewa, hakuna gluteni mahali popote katika mapishi hayo. Hata hivyo ulezi husagwa, na mashine ya kijijini iliyosaga ulezi saa nne huenda ilisaga ngano saa tatu, huku unga wa awali ukiwa bado umeganda kwenye mdomo wa mashine na kwenye gunia la kupokelea. Mwenye seliaki anayetaka kunywa mbege kwa amani hana haja ya kimeng'enya wala R5. Amuulize mama muuzaji ulezi wake umesagwa wapi, na kama inawezekana ampelekee uliotwangwa nyumbani kwenye kinu.